Piga Hodi Hata Kwenye Gofu

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita hapa Nakuru, mbele ya wapiga picha, wanafunzi na wazee waliotuheshimu kwa kufika. Walioshindwa kuja waliniomba maandishi, nami nimeyaweka yote kama nilivyoyatamka. Picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani sikuziweka, na mahali pawili nimeacha kutaja jina la kituo. Sababu yake mtaikuta humu ndani.

Wazee wetu mliokaa mbele, walimu, ndugu zangu wa kamera, na nyinyi vijana mliojaa nyuma mpaka wengine mmesimama mlangoni, hamjambo?

Itifaki imezingatiwa. Sitakawia kwenye salamu, maana nina hadithi ya shosho, bibi mzee mmoja wa Molo, na nimeibeba siku nyingi.

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Agosti, nilishuka kwenye matatu upande wa Molo nikiwa na kamera mgongoni. Mnaijua Molo ya Agosti: ukungu, matope, na baridi isiyojali umevaa sweta ngapi. Nilikuwa nimeiona nyumba ile mara nyingi kutoka barabarani. Paa refu la mabati yaliyoiva kutu, dohani mbili za mawe, baraza pana mbele, na misaipresi mikubwa imejipanga kutoka kwenye lango mpaka mlangoni kana kwamba inamngoja mgeni. Lango lenyewe halikuwapo tena. Nikapita. Nikapanda ngazi za baraza, nikausukuma mlango, nikaingia, nikaanza kazi. Niliona dirisha lililovunjika, mahali pa kuotea moto pamejaa majani makavu, na karatasi ya ukutani inayobambuka. Nilifurahi sana. Mpiga picha yeyote hapa anaijua furaha hiyo.

Nikiwa kwenye picha ya ishirini hivi, nikasikia sauti nyuma yangu: "Mwanangu, kwenu hakuna hodi?"

Nikageuka. Shosho mmoja, kitambaa kichwani, leso kiunoni, jembe mkononi. Hakufoka. Alisimama tu mlangoni akinitazama. Nikamwambia, "Samahani sana, shosho. Nilidhani hakuna mtu."

Akaniuliza, "Na mimi ni nini?"

Ndugu zangu, nimepiga picha za magofu kwa muda mrefu, kuanzia hapa bonde mpaka ziwani, na swali hilo bado sijalipatia jibu linaloniridhisha. Na mimi ni nini?

Alikuwa akiishi jikoni. Sikilizeni vizuri: jikoni. Kwenye nyumba nyingi za walowezi jiko lilijengwa kando, hatua kadhaa kutoka nyumba kubwa, ili moto ukizuka usile nyumba nzima, na ili moshi na makelele ya masufuria yasiwafikie waliokaa mezani. Sasa paa la nyumba kubwa linavuja, na la jikoni halivuji. Baba yake alikuwa mpishi pale. Alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi, akacheza nyuma ya jiko lile, akaolewa, akafiwa, akarudi. Mwenye ploti yuko mjini. Yeye ndiye anayelinda.

Nami nilikuwa nimeingia nikaona hakuna mtu.

Kiswahili chetu kina maneno mawili hapa ambayo nataka tuyashike. Kuna gofu: jengo lililobaki kuta. Na kuna mahame: mahali palipohamwa. Angalieni neno hilo la pili. Limetokana na kuhama. Je, nyumba inahama? Nyumba haihami. Anayehama ni mtu. Kwa hiyo ukisimama mbele ya mahame, lugha yenyewe imekwisha kukuuliza: alihama nani? Alihama kwa hiari au alifukuzwa? Akaenda wapi? Na ni nani aliyebaki? Ukipiga picha kabla hujauliza, utarudi nyumbani na picha nzuri ya kutu.

Ndiyo maana nawaambia pigeni hodi hata kwenye gofu. Pigeni hodi hata pale mnapoona buibui amefunga mlango. Hodi ya kwanza ni kwa jirani, kwa mama anayeuza viazi kando ya barabara, kwa mzee wa kijiji, kwa chifu ikibidi. Kenya ina sheria ya kuingia ardhi ya mtu bila idhini, Sura ya 294, na sheria hiyo haisemi kwamba nyumba ikibomoka ardhi inakuwa ya kila mtu. Hapa kwetu hakuna kipande cha ardhi kisicho na mwenyewe. Wakati mwingine kina wenyewe watano na kesi mahakamani. Lakini hodi ninayoisema mimi haitokani na kuogopa polisi. Ni adabu tuliyofundishwa kabla hatujajua kusoma.

Sasa, kuna mzee aliniuliza pale nje kabla hatujaingia: "Mbona unahangaika na nyumba za wakoloni? Ziache zianguke." Mzee wangu, swali lako ni la haki, na nimeomba ruhusa yako nilijibu mbele ya watu wote.

Nyumba hizi zilisimama kwenye ardhi iliyochukuliwa. Reli ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na baada ya hapo serikali ya Waingereza ikawagawia walowezi nyanda hizi za juu. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini waliteremka kwenye treni hapa hapa Nakuru, wakafunga ng'ombe kwenye magari yao, wakapanda kwenda Uasin Gishu. Mwaka 1919, vita vikubwa vilipokwisha, ukaanza mpango wa kuwapa mashamba askari Wazungu waliotoka vitani. Na nani alilima mashamba hayo? Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka Mwafrika anayekaa kwenye shamba la mlowezi alifanyie kazi shamba hilo siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Siku 180! Nusu ya mwaka wa mtu. Na shingoni kinaning'inia kipande, kile kitambulisho cha kazi, ndani ya kikopo cha chuma, kama ng'ombe na kengele yake.

Basi niambieni, nani alichonga mawe ya nyumba ile? Nani aliingia msituni akaangusha mtarakwa, akaupasua, akauleta ukawa nguzo na mihimili? Nani alipiga magoti akapaka sakafu nta mpaka ikang'aa? Mlowezi yumo vitabuni. Ana barua zake, ana picha za harusi yake, kaburi lake lina jina. Fundi aliyechonga jiwe hana picha. Alama aliyoiacha duniani ni meno ya patasi yake kwenye ukuta ule, na ukuta ukianguka, imekwisha. Mzee, mimi nahangaika kwa ajili yake yeye.

Na nitawaambia jinsi nilivyojifunza kumtafuta.

Siku ile shosho alinipikia chai, akanionyesha nyumba kwa njia yake. Hakunipitisha kwenye mlango wa mbele. Alinizungusha nyuma. Akanionyesha kijia kati ya jiko na nyumba kubwa, mawe yake yamelika katikati kwa miguu ya watu waliobeba sahani mara tatu kwa siku, miaka na miaka. Akanionyesha ukutani palipokuwa na kengele ya kuwaitia. Akanionyesha tangi la maji ya mvua, na dirisha dogo ambalo baba yake alimpitishia mkate uliobaki, kwa siri. Kisha tukafika kwenye kizingiti cha jiko. Kizingiti ni cha saruji. Na kwenye saruji ile kuna alama ya mguu wa mtoto, vidole vyote vitano vimeingia vizuri.

Akasema, "Huu ni wangu. Saruji ilikuwa mbichi. Nilichapwa."

Akavua kiatu. Akaweka mguu wake kando ya ule mdogo.

Ile ndiyo picha iliyoko nyuma yangu sasa. Nimepiga dohani, nimepiga baraza, nimepiga misaipresi kwenye ukungu. Hakuna hata moja inayokaribia hii. Na ningepita pale pale, ningekanyaga juu yake nikitafuta pembe nzuri ya kulipiga paa, kama asingeniuliza habari ya hodi.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa kamera, ushauri wangu wa pili, na huu nauona kuwa mkubwa kuliko mambo yote ya lenzi: nenda nyuma. Mbele ya nyumba kumepigwa picha na wenyewe tangu siku ilipokamilika. Nenda jikoni. Nenda penye sinki la kufulia. Nenda kwenye vile vyumba vidogo vya wafanyakazi ambavyo mpaka leo tunaviita boi kota bila kujiuliza kwa nini mtu mwenye wajukuu aliitwa boi. Pima chumba kimoja kwa hatua zako. Kisha rudi ukapime sebule. Andika namba hizo mbili kwenye daftari. Hazihitaji maelezo.

Nikae hapo kwenye daftari kidogo. Kamera haisikii, haiulizi, haijui mbao ni za mti gani. Daftari linajua. Kule upande wa Kibos, njia ya kwenda Miwani, niliwahi kukuta duka la zamani lenye makazi nyuma yake, limeachwa. Mnajua Wahindi walizuiwa kumiliki mashamba kwenye nyanda za juu, wengi wakapata nafasi huku chini kwenye tambarare ya Kano, kwenye miwa. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilianza mwaka 1922. Pale dukani paa lilikuwa la vigae vyekundu, vingine vimeanguka. Nikaokota kimoja, nikakigeuza. Mgongoni kimepigwa muhuri, na neno moja likasomeka wazi: Mangalore. Huo ni mji wa pwani ya magharibi ya India, ambako wamisionari wa Basel walianzisha kiwanda cha vigae mwaka 1865, vikafuata viwanda vingi. Udongo wa India ulichomwa tanuruni, ukapakiwa melini, ukashuka Mombasa, ukapanda reli mpaka karibu na Kisumu, ukamfunika mtu mvua ya Nyanza. Nilikipiga picha pande zote mbili, kisha nikakirudisha pale pale nilipokiokota. Wangapi hapa wamewahi kugeuza kigae? Geuzeni. Someni bawaba za milango, vitasa, matofali. Nyumba ya zamani imejaa maandishi.

Sasa niseme na wapiga picha mambo ya kazi, wengine mnivumilie.

Sisi tuko kwenye ikweta. Mstari wenyewe unapita Maseno, jirani zetu. Jua letu huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwaka mzima, na hupanda wima kama mtu anayepanda mnazi. Ikifika saa tatu mwanga umekwisha kuwa mkali. Kwa hiyo muwe mmefika, mmesalimia, mmeruhusiwa, kabla ya jua. Na kuna jambo ambalo wageni kutoka nchi za baridi hawalijui: mwezi wa Juni jua letu linapita upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba linapita kusini. Nyumba moja, nyuso mbili! Ukuta uliokuwa gizani Juni utaukuta umewaka Desemba. Nyumba ya shosho nimeirudia miezi yote miwili, na ni kama niliyaona majengo tofauti. Mwangalie mwenye nyumba wa kwanza alikoelekeza baraza, utajua alikuwa anakimbia jua la mwezi gani.

Ndani ya vyumba, acheni taa ya kamera. Itasawazisha kila kitu na kuua kivuli, na kivuli ndicho kinachoonyesha umbo la ukuta uliolika. Tumieni stendi ya miguu mitatu, funga tundu la lenzi mpaka namba 8 au 11, na uache mlango wa mwanga ufunguke kwa muda mrefu. Dirisha likiwa na mwanga mwingi na chumba kikiwa giza, piga picha tatu bila kusogeza stendi: moja ya dirisha, moja ya chumba, moja ya katikati, uje uziunganishe baadaye. Huna stendi? Ukuta unatosha, kizingiti kinatosha. Huna kamera? Simu inatosha. Wale wa droni, mnahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hilo sina la kuongeza.

Usalama. Hapa sitanii, kwa sababu nimewahi kuzama mguu mmoja sakafuni mpaka pajani. Sakafu ya mbao, pita kando ya ukuta ambako ncha za boriti zimeshikwa na jiwe, usikate katikati ya chumba. Gonga kwa fimbo kabla ya kukanyaga. Weka sikio ukutani usikilize nyuki. Kuta za mbao mbili mbili ni mizinga mikubwa, na nyuki wetu hawana subira. Darini kukiwa na popo, jifunge barakoa, maana vumbi la mavi yao lina kuvu anayeshambulia mapafu. Mapaa ya kijivu ya asbesto usiyavunje wala usiyakwaruze. Nje, majani marefu huficha shimo la choo na tangi lililopasuka. Usiende peke yako, na uliyemwacha nyumbani ajue uko wapi. Fimbo hiyo hiyo unayogonga nayo inamwambia nyoka kwamba kuna mtu anakuja, naye huondoka mapema. Hata kwake, hodi ni hodi.

Kuna jambo nalisema kwa uzito, na naomba ukumbi unyamaze kidogo.

Si magofu yote ya kwetu ni ya walowezi. Wengi wenu mlikuwa watoto wadogo mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, wengine hamkuwa mmezaliwa. Ukipita Molo, Kuresoi, mpaka Burnt Forest, bado utaona kuta ambazo hazikuangushwa na miaka. Kuta za nyumba ya vyumba viwili, hazina paa, na ndani umeota mti. Kuna nyingine ni za ghasia za mwaka 1992. Kwa kamera zinaonekana kama gofu lolote lingine: mwanga unaingia vizuri juu, majani yametambaa ukutani, kila kitu kimetulia. Ndugu zangu, aliyehama pale hakuaga. Yuko hai. Huenda yuko hapa hapa mjini, huenda anakuuzia mboga, na hawezi kurudi, au hataki kurudi, au alikwisha kuuza kwa bei ya kukata tamaa.

Mimi zile sizipigi. Sisemi zisipigwe kabisa. Kumbukumbu ile inahitaji kutunzwa, na kuna watu wanaoitunza kwa heshima. Lakini mwenye ukuta ndiye wa kusema. Akikwambia njoo unipigie hapa nilipokuwa na jiko langu, nenda. Hajakwambia, shusha kamera. Usiichukue huzuni ya mtu ukaifanya pambo la ukurasa wako.

Na hili linanileta kwenye jambo langu mwenyewe, ambalo ni zito kwangu kulisema.

Upande wa Songhor, kwenye vilima vinavyotazama tambarare ya ziwa, palikuwa na nyumba nyingine. Nasema palikuwa. Niliikuta imefungwa, mlinzi akanifungulia. Ndani kila kitu kilikuwa mahali pake: milango ya mbao nzito, vitasa vya shaba, sakafu nzima ya mtarakwa ambayo mpaka siku ile bado ilinukia. Nilipiga picha nzuri kuliko zote za maisha yangu mpaka wakati ule. Nikaziweka mtandaoni. Na chini yake nikaandika jina la kituo, njia ya kufika, na hata mahali pa kuacha gari. Nilitaka watu waje waione. Nilidhani nawafanyia wema wao na nyumba.

Baada ya miezi michache nikarudi. Milango hakuna. Vitasa hakuna. Sakafu imeng'olewa ubao kwa ubao, imebaki mifupa ya boriti na udongo chini yake. Vioo vimevunjwa, majina ya watu yamekwaruzwa ukutani. Mlinzi alifukuzwa kazi. Walikuja na pikapu usiku, akaniambia jirani, na walijua vizuri wanakokwenda.

Siwezi kuthibitisha kwamba ni picha zangu zilizowaongoza. Lakini mlinzi yule alinifungulia mlango kwa sababu nilipiga hodi, na mimi nikawafungulia wengine wasiopiga. Nimemtafuta nikamwomba msamaha. Alinisamehe kwa urahisi mno, na urahisi ule uliniuma zaidi.

Mnakumbuka Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu, nguzo za umeme na reli zilipokuwa zikiibwa. Kama mtu anang'oa reli ya taifa, ataacha kitasa cha shaba kwenye nyumba isiyo na mlinzi? Kwa hiyo tangu siku ile sitaji kituo. Sitaji barabara. Simu zetu huandika mahali ndani ya picha yenyewe bila sisi kuona. Zimeni kipengele hicho kabla hamjatoka nyumbani. Na kwenye picha, angalieni kilima cha nyuma, angalieni kibao cha shule, vinaongea. Ndiyo sababu leo mnasikia "upande wa Molo" na hamtasikia zaidi ya hapo.

Mtaniuliza, basi tujifunzie wapi? Anzeni na zile ambazo ziko wazi na zina wa kuzilinda. Nenda ngome ya Lord Egerton kule Njoro, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1938, ukakatizwa na vita, ukakamilika 1954, na mwenyewe akafa 1958. Vyumba 52, kwa ajili ya mtu mmoja. Kila mgeni anaulizia hadithi ya mwanamke aliyemkataa. Mimi natamani siku moja nimsikie mgeni mmoja tu anauliza majina ya waliobeba mawe. Nenda Hyrax Hill hapa karibu: makumbusho ile mnayoiona ilikuwa nyumba ya shamba ya familia ya walowezi, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1965. Simama barazani pale, ujiulize nyumba ngapi za aina hiyo hazikubahatika.

Kwa nini hazikubahatika? Uhuru ulipokaribia na baada yake, mashamba makubwa yalinunuliwa na serikali kupitia mpango wa ekari milioni moja, mengine na vyama vya wanunuzi, yakakatwa vipande. Nyumba kubwa ikaangukia kwenye kipande cha mtu mmoja mwenye ekari mbili na nusu. Nyingine zikawa shule, zahanati, ofisi ya ushirika, na hizo zikaishi. Lakini mwenye ekari mbili na nusu atatoa wapi mabati ya paa la futi themanini? Akajenga yake ndogo kando, yenye joto, akafanya vizuri. Simlaumu hata kidogo.

Kijana mmoja wa Siaya, yuko hapa mbele, aliniambia jambo ninalolipenda. Kwao boma lililohamwa linaitwa gunda. Na watu hulima pale, kwa sababu ardhi palipokaa watu na ng'ombe ina rutuba. Mahame yanayolisha! Kule Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa wala udongo, nyingine zina urefu wa mita nne, zimesimama karne na karne tangu zijengwe. Mwaka 2018 ziliingia kwenye orodha ya Turathi za Dunia. Fundi wa mawe wa huku alikuwapo kabla mlowezi hajamwambia panga hapa.

Nimalizie na shosho, maana ndiye aliyenileta.

Nilirudi kwake baada ya mwezi mmoja na picha zimesafishwa, kubwa, kwenye bahasha ngumu. Mfanye hivyo pia. Picha isiyorudi kwa mwenyewe imeibwa nusu. Alizitazama moja moja kwenye mwanga wa mlango. Ya nyumba kubwa akaiweka kando. Ya dohani akaiweka kando. Ya mguu akaishika muda mrefu, kisha akaniuliza kama ninaweza kumtengenezea nyingine tano, kwa ajili ya watoto wake.

Mvua za mwaka jana ziliangusha nusu ya baraza. Juzi nilimpigia simu nikamwomba ruhusa nije na watu wanane, akakubali, akasema wasije wakati wa kupanda viazi. Kwa hiyo ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Walioandika majina pale mlangoni tutakutana stejini saa kumi alfajiri, viatu vizito, barakoa, na daftari. Atakayeweza abebe majani ya chai na sukari kilo mbili. Tukifika, tutasimama chini ya misaipresi mpaka atakapotuambia karibuni.